Kununua na Kuuza Nyumba



Msafiri atokaye Dodoma kwenda Tabora kwa gari la moshi hupita mahali paitwapo Tura. Hapo kale palikuwa kituo mashuhuri katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Msafara ukiisha kuvuka nchi ya Ugogo uliingia katika Mgunda Mkali, pori la miiba lenye shida kubwa ya maji. Na ulipotokea upande wa pili ulifika Tura, mlango wa Unyamwezi. Burton, Mwingereza aliyepita huko mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni “Tua”, yaani shusha mzigo wako. Naam, mpagazi aliyebeba robota la nguo siku nyingi porini alikuwa na haki ya kutua.

Walakini msafara wenye busara haukutua ovyo. Uliuliza kwanza: Mwenye mahali hapa ni nani? Maji yako wapi? Tumeruhusiwa kukaa? Siku hizi watu wetu hubeba mzigo wa namna nyingine. Ni fedha ya tumbaku, au ya asali, au ya ng’ombe waliouzwa, au mshahara uliowekwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mzigo huo huutua mara moja tu, siku wanunuapo nyumba mjini. Na wengi huutua bila kuuliza hata moja katika maswali yale matatu. Ndiyo sababu leo nataka kuwaelezea habari ya kununua na kuuza nyumba.

Neno langu ni hili: katika nchi yetu mtu hanunui udongo, hununua haki. Ukuta huonekana kwa macho, bati huonekana, mlango huonekana. Lakini haki haionekani. Hujulikana kwa kuuliza watu na kusoma maandishi. Mtu atazamaye ukuta tu amenunua kile kinachoonekana, na pengine kile kisichoonekana kimebaki kwa mwingine.

Jambo hili si geni kwetu. Katika Unyamwezi wa kale ardhi ilikuwa chini ya mtemi, na wanangwa waliitunza kwa niaba yake. Mtu aliyetaka kujenga na kulima alikwenda kwa mwanangwa akaonyeshwa mahali. Maadamu alikaa na kulima, hapana mtu wa kumwondoa. Alipohama, mahali pale palirudi mikononi mwa mwanangwa, naye akampa mwingine. Mwenye kuhama hakuuza ardhi. Kilichokuwa chake ni kazi ya mikono yake: nyumba aliyoijenga, nguzo alizozikata, na mazao yaliyokuwa bado shambani. Hata wageni waliojenga matembe makubwa Kazeh na Kwihara walijenga katika nchi ya mtemi wa Unyanyembe. Tembe la Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 linajulikana sana, na leo pana makumbusho hapo.

Tawala zilizofuata zilibadili mambo mengi. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri ya kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao. Mwaka 1923 Waingereza walitunga sheria iliyoweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, serikali iliondoa umilikaji wa ardhi wa milele waliokuwa nao watu wachache. Kisha mwaka 1999 zikatungwa sheria mbili, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nazo zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria hizo zasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, naye Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Raia hupewa haki ya kuimiliki na kuitumia, na haki hiyo ndiyo awezayo kuiuza pamoja na nyumba iliyo juu yake.

Basi yafaa tujue haki hizo ni za namna gani, maana hazilingani. Ya kwanza ni haki iliyoandikwa katika hati miliki. Hutolewa kwa kiwanja kilichopimwa, kwa muda wa miaka, kama 33, au 66, au 99, na jina la mwenye haki huandikwa katika daftari la Msajili wa Hati. Ya pili ni leseni ya makazi, ambayo hupewa watu waliojenga mjini mahali pasipopimwa. Hii ni ya miaka michache tu, lakini humtambulisha mwenyewe mbele ya serikali. Ya tatu ni hakimiliki ya kimila, ambayo ni ya ardhi ya kijiji, nayo huweza kuwa na hati yake itolewayo na kijiji. Mwisho kuna wale walio wengi sana katika miji yetu, ambao hawana ila karatasi ya mauziano waliyoandikiana na yule aliyewauzia, mbele ya mashahidi wawili watatu. Karatasi hiyo si bure, kwa kuwa ni ushahidi wa yaliyopita kati ya watu wawili. Lakini si hati miliki, wala muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauwezi kuigeuza iwe hati miliki.

Sasa na tuyatazame mambo haya katika mji mmoja. Reli itokayo Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu siku zile watu wengi wa kwetu wamepanda gari hilo kwenda kutafuta kazi na biashara kando ya Ziwa. Mwanza ni mji wa vilima na majabali. Mahali tambarare ni pachache, napo palichukuliwa mapema na bandari, reli, maduka na ofisi. Mgeni asiye na fedha nyingi alipotafuta mahali pa kulala alitazama juu. Akamwendea mwenye shamba la mihogo kilimani, akakatiwa kipande, akajenga. Mwaka wa pili akaja ndugu yake, akakatiwa kipande kingine. Hivyo ndivyo vilima kama vya Mabatini na Igogo vilivyojaa nyumba hata karibu na vilele, bila ramani, wala njia ya gari.

Katika vilima hivyo bei ya nyumba hufuata miguu ya mtu. Nyumba iliyo chini karibu na barabara ni ghali. Kadiri upandavyo, ndivyo bei ishukavyo. Mnunuzi aliyetoka mbali hufurahi, akasema moyoni, “Nimepata nyumba kwa nusu ya bei.” Lakini hajahesabu yatakayofuata. Kila mfuko wa saruji utapandishwa kwa kichwa, na mchukuzi atataka ujira wake. Mgonjwa atashushwa kwa kubebwa. Choo cha shimo hakichimbiki katika mwamba, na uchafu wa walio juu huwashukia walio chini wakati wa mvua. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya karibuni mamlaka ya maji ya mji huo imelaza mabomba membamba ya kushusha maji machafu katika baadhi ya vilima. Basi muulize mwenye nyumba kama bomba hilo limefika kwake. Tena tazama ukuta wa mawe unaozuia udongo chini ya nyumba. Ukiwa na ufa, au umetokeza tumbo, ujue kwamba utanunua nyumba leo na kununua ukuta mwakani. Ni vema kwenda kuitazama nyumba ya kilimani siku ya mvua, kwani siku ya jua haisemi kweli yote.

Mtu asidhani ya kuwa kilima chenyewe ndicho kishushacho bei. Huko huko Mwanza kuna Capri Point, ambayo nayo ni ya kilima, lakini nyumba zake ni za watu wenye uwezo mkubwa. Tofauti yake ni kwamba huko viwanja vilipimwa, barabara zikapita, maji yakafika, na hati zikatolewa. Kwa hiyo mnunuzi wa kule juu analipa kidogo kwa sababu anauziwa pungufu: nyumba bila njia, au bila maji, au bila hati. Akijua hayo na kukubali, amefanya biashara. Akiwa hajui, amepotezwa.

Liko na jambo la sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataja ardhi ya hatari, yaani mahali ambapo kujenga kwaweza kuleta maangamizi. Miongoni mwake ni miteremko mikali kupita kiasi kilichowekwa na Waziri, na pia mahali palipo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko. Mahali pakiisha kutangazwa hivyo, aliyejenga anaweza kuondolewa. Lakini sheria hiyo hiyo imefungua mlango mwingine uitwao urasimishaji. Wapimaji huja, wakapima viwanja kama vilivyo; wenyeji hukubaliana kuachia njia; kila mmoja hulipa gharama yake, na mwisho wake hupata hati. Basi mambo mawili yawezekana katika kilima kimoja: huyu apewe hati na yule aondolewe. Mnunuzi atajuaje? Aende kwa maofisa wa ardhi wa mji ule akaulize: Kiwanja hiki kimo katika ramani? Kimepimwa? Mawe ya mipaka yako wapi? Kuuliza si ujinga.

Baada ya kumwuliza ofisa, mnunuzi awaulize watu. Nitayataja maswali makuu kwa utaratibu.

Swali la kwanza: Anayeuza ni mwenyewe? Nyumba yenye hati ina njia rahisi. Chukua namba ya hati, nenda ofisi ya Msajili, lipa ada, ufanye upekuzi katika daftari. Utaona jina la mwenyewe, na kama nyumba imewekwa rehani benki au imezuiliwa na mahakama. Nyumba isiyo na hati yataka kazi zaidi. Ulizia majirani wa pande zote nne, uliza wazee wa mtaa, uliza yule aliyemwuzia huyu anayekuuzia. Usiongozwe na dalali peke yake, maana dalali hupata ujira wake siku ile ile mnayopeana mikono, lakini wewe utakaa katika nyumba miaka yote.

Swali la pili: Ni nani mwingine mwenye haki? Hapa ndipo watu wengi walipoangamia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mkewe, na mke vivyo hivyo bila idhini ya mumewe, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Sheria ya Ardhi nayo inailinda haki hiyo. Kwa hiyo mnunuzi asiseme, “Shauri la mke wake si langu.” Ni lake kabisa. Na amtake mke aje mwenyewe, aulizwe akiwa huru, kisha atie sahihi yake.

Nyumba ya marehemu ni hatari kupita zote. Baba akifa, mtoto mkubwa hawi mwenye nyumba kwa sababu ya ukubwa wake, wala ndugu wa marehemu kwa sababu ya kikao cha matanga. Kikao cha ukoo huweza kupendekeza jina. Lakini anayempa mtu mamlaka ni mahakama, imteuapo kuwa msimamizi wa mirathi. Bila barua ya mahakama, hapana wa kuuza. Fikirini mjane aliyekwenda kwao kuuguza mama yake, naye arudipo akute kufuli la mgeni mlangoni pake. Mjane analia nje na mnunuzi analia ndani, kwa kuwa fedha imekwisha kuliwa na yule aliyeuza, na wote wawili hawana kosa ila kutokuuliza kwa mmoja wao.

Swali la tatu: Ninanunua kiasi gani? Mpaka usionyeshwe kwa kidole toka barazani. Tembeeni mpakani kwa miguu, majirani wakiwapo, mpime kwa kamba au kwa chombo cha mpimaji, na vipimo viandikwe. Muulizane pia habari ya njia. Kilimani nyumba yaweza kuwa nzuri, lakini njia yake ikapita katika ua wa mtu mwingine, naye siku akikasirika atajenga ukuta.

Swali la nne: Kuna deni gani? Mwenye hati hudaiwa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Asipoilipa, deni hukua, na mwisho wake hata haki yenyewe yaweza kufutwa. Ombeni stakabadhi za miaka iliyopita, za pango, za maji na za umeme. Aliyezitunza hatachelewa kuzileta.

Swali la tano: Tumeandika nini? Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Sheria nayo yataka mkataba wa kuuza haki ya ardhi uwe katika maandishi. Uandike majina kamili, mahali, mipaka, bei, namna ya kulipa, na tarehe ya kukabidhi nyumba. Mashahidi watie sahihi, na ni bora ufanywe mbele ya mwanasheria. Fedha ipite benki ikiwezekana, ili alama yake ibaki. Arbuni nayo iandikwe: ni kiasi gani, na itarudishwa au haitarudishwa shauri likivunjika. Kama nyumba ina hati, kazi haijaisha hapo. Sharti fomu za uhamisho zijazwe na kupelekwa kwa mamlaka ya ardhi, ushuru wa stempu ulipwe, ambao ni kadiri ya shilingi 1 katika kila shilingi 100, kisha jina jipya liandikwe na Msajili. Mpaka siku hiyo, kitabu cha serikali bado kinamjua muuzaji.

Wasomaji wa vijijini wasidhani kwamba mambo haya ni ya mjini tu. Wageni wenye fedha huja vijijini kutafuta ardhi, na pengine mwanakijiji huuza nyumba na shamba lake kwa siri usiku. Haki ya kimila haihamishwi hivyo. Sharti Halmashauri ya Kijiji ikubali. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kusema katika hukumu moja ya mwaka 1985 ya kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri hayana nguvu. Huu si udhia. Ni ule ule mkono wa mwanangwa wa kale, aliyetaka kujua ni nani anayekuja kukaa kati ya watu wake.

Sasa neno kwa muuzaji. Kuuza nyumba si aibu. Watu huuza kwa ugonjwa, kwa karo za watoto, au kwa kuhama. Lakini kabla hujaitaja bei, ulizia kwanza bei ya nyumba utakayoingia wewe. Wengi wameuza nyumba ya mjini wakaona fedha nyingi, wakakaa nyumba ya kupanga “kwa muda mfupi”, na ule muda mfupi ukaila fedha yote. Mweleze mnunuzi kasoro za nyumba, kwani ufa uliopakwa chokaa hutokea tena masika. Usipokee arbuni za watu wawili kwa nyumba moja. Hilo si ujanja, ni wizi. Kumbuka tena kwamba serikali yaweza kudai kodi katika faida uliyopata, basi usiahidi fedha yote kwa jamaa kabla hujajua sehemu yako halisi.

Na ugomvi ukitokea, msikimbilie panga. Kijijini liko baraza la ardhi la kijiji, na katika kata liko baraza la kata, ambayo kazi yake ni kupatanisha. Yasipopatana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Lakini asichelewe mtu mwenye madai. Sheria imeweka muda wa miaka 12 wa kudai ardhi, na aliyelala miaka yote hiyo aweza kuamka akakuta mlango wa mahakama umefungwa.

Kazi ya kwanza haihitaji safari wala fedha. Kila mwenye nyumba afungue sanduku lake leo, atazame karatasi zake. Jina lililoandikwa ni la nani? Je, ni la babu aliyekwisha kufa? Mipaka imetajwa? Stakabadhi zimo? Kisha awaite mkewe na watoto wake, awaonyeshe karatasi zile, awapeleke mpakani na kuwaonyesha mawe, wangali wakimwona na kumsikia. Nanyi wanafunzi mnaojua kusoma, wasomeeni wazazi wenu maandishi hayo polepole, neno kwa neno. Ikiwa jina si sahihi, nendeni ofisi ya ardhi mkaulize la kufanya wakati wazee wajuao habari wangali hai.